Udongo wa Migori Hauhitaji Bakteria wa Kukodi

Habari za bakteria wanaoishi katika baridi kali na kula sumu zilizomwagika ardhini zimewasisimua walimu wengi wa Biolojia na wanafunzi wao, na si ajabu. Ni jambo la kupendeza kusikia kwamba chini ya theluji ya Alaska na katika udongo wa Antaktika kuna viumbe wasioonekana kwa macho ambao hugeuza mafuta machafu kuwa hewa na maji. Habari hizo ni za kweli. Linalonitia shaka ni hitimisho ambalo msomaji wa haraka huweza kulirukia: kwamba nasi tuagize bakteria hao katika chupa, tuwamwage juu ya vilima vya mchanga wa machimbo ya Nyatike, tukae kitako tungoje sumu iishe. Kwa watu wa Migori na Homa Bay hitimisho hilo ni kosa mara mbili. Bakteria hao hawatuhitaji, wala sisi hatuwahitaji. Na sumu iliyo mbaya kuliko zote katika udongo wetu hakuna bakteria aliyezaliwa wa kuimaliza.

Tuanze na hao wa baridi, kwa sababu wana somo kubwa. Kila bakteria amefunikwa na utando wa mafuta. Mtu aliyeacha samli kabatini usiku wa baridi anajua kinachotokea: asubuhi imeganda. Utando wa bakteria wa kawaida hufanya vivyo hivyo. Chakula hakiingii, taka hazitoki, na kazi inasimama. Bakteria wa baridi wameumbwa na mafuta ya namna nyingine, yanayobaki laini kama mafuta ya alizeti hata karibu na nyuzi sifuri, na vimeng'enya vyao vimelegea kiasi cha kuweza kujikunja na kufanya kazi pale ambapo vya wengine vimekakamaa. Katika jamii za Pseudomonas, Rhodococcus na Sphingomonas wamepatikana wengi wa aina hiyo walio hodari wa kula mafuta ya petroli.

Sasa tazama walivyotumiwa. Tarehe 24 Machi 1989 meli iitwayo Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska, ikamwaga baharini mafuta yanayokadiriwa kuwa lita milioni 40. Wataalamu walipoamua kuwatumia bakteria kusafisha fukwe, hawakuwatoa mbali. Waliwakuta palepale, kwenye mawe na changarawe, wakiwa tayari wameanza kula. Walichokosa ni kitoweo: mafuta yana kaboni tele lakini hayana nitrojeni wala fosforasi. Basi zikanyunyizwa mbolea, na kazi ikaenda kasi zaidi. Mwaka 1990 yalifanywa majaribio ya bakteria wa kununuliwa kwenye fukwe hizohizo. Hawakuonekana kushinda mbolea tupu. Kuhusu Antaktika, mkataba wa Madrid wa mwaka 1991 ulipiga marufuku kuingiza viumbe wageni katika bara hilo bila kibali maalumu, hivyo wanaotaka kusafisha udongo uliomwagikiwa dizeli kwenye vituo vya utafiti hulazimika kuwalisha wenyeji.

Hilo ndilo somo ninalolisema. Hata mahali ambapo baridi ni adui, mfanyakazi bora ni mwenyeji. Na hapa kwetu baridi si adui. Homa Bay iko kando ya ziwa, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Julai haujui barafu. Kanuni inayofundishwa katika somo la Kemia, kwamba kasi ya mmenyuko hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10, inatupa sisi upendeleo ambao watu wa Alaska wangeulipia fedha nyingi. Joto letu ni mtaji. Bakteria wa barafu akiletwa hapa ataadhirika, kwa kuwa vimeng'enya vyake vilivyolegea huharibika mapema katika joto ambalo wenyeji wetu hulistarehea.

Je, wenyeji hao wapo? Wapo, na mmoja wao amekwisha kuandikwa katika majarida ya dunia. Katika mashamba ya miwa ya Nzoia, magharibi mwa Kenya, dawa ya kuua magugu iitwayo atrazini ilitumiwa miaka na miaka. Dawa hii Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2004 kwa sababu ya kuingia katika maji ya ardhini. Kundi la watafiti likiongozwa na mkemia Zachary Getenga, kwa ushirikiano na wenzao wa Ujerumani, lilichukua udongo wa shamba hilo na kugundua kwamba atrazini ilikuwa ikitoweka kwa kasi isiyotazamiwa. Wakamtafuta mlaji, wakampata: bakteria wa jamii ya Arthrobacter, mwenye uwezo wa kuivunja dawa hiyo hadi ikawa hewa ya kaboni. Habari zake zilichapishwa mwaka 2009. Hakuna aliyemleta. Alijifunza kazi shambani, msimu baada ya msimu, kama mtoto wa mvuvi anavyojifunza kuogelea.

Migori nayo ina miwa, katika Awendo, ambako kiwanda cha Sony kimekuwapo tangu miaka ya 1970. Sitasema kwamba bakteria yuleyule yupo Awendo. Nasema kwamba swali hilo linamfaa sana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, kilicho karibu na mashamba hayo, kuliko kusoma habari za barafu ambayo pengine hataiona maishani isipokuwa apande Mlima Kenya.

Nimeanza na miwa kwa sababu ni habari njema. Sasa twende kwenye dhahabu.

Dhahabu ya Migori ilianza kuchimbwa wakati wa ukoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder, huko Nyatike, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966, ukaacha nyuma yake malundo ya mchanga uliokwisha kusagwa. Tangu hapo wachimbaji wadogo wameendelea wenyewe: Osiri, Masara, Mikei, Kitere, na upande wa Kuria pia. Wanaume hushuka mashimoni. Wanawake huponda mawe, huosha mchanga na kuuchuja. Unga wa mawe ukishaoshwa, humwagiwa zebaki, ukakandwa kwa mikono mitupu. Zebaki huishika dhahabu, vikawa donge moja. Donge likikamuliwa kwa kitambaa, huwekwa juu ya jiko la makaa. Zebaki ikifika nyuzi 357 huchemka na kupaa, dhahabu ikabaki. Inayopaa huingia mapafuni mwa anayepuliza moto na mwa mtoto aliyeketi kando yake, kisha huanguka juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, na juu ya udongo wa shamba la mtama. Inayobaki katika mchanga hutupwa pamoja nao.

Mchanga huo haukai bure. Dhahabu iliyoponyoka zebaki bado imo, na wenye mtaji huununua wakaupeleka kwenye matangi ya sianidi, kemikali inayoiyeyusha dhahabu hata ile iliyo ndogo kama vumbi. Hivyo katika lundo moja hukutana sumu mbili, na tabia zao ni mbalimbali kabisa. Hapa ndipo ninapomwomba mwalimu asimame kidogo, kwa maana wengi huzitaja kwa pumzi moja, kana kwamba dawa yake ni moja.

Sianidi ni ya kutisha. Kiasi kidogo humuua mtu au ng'ombe kwa dakika chache. Lakini imetengenezwa kwa kaboni na nitrojeni tu, navyo ni chakula. Bakteria aliyejizoeza akiikuta huivunja, akala nitrojeni yake, na kinachobaki ni amonia na hewa ya kaboni. Wengine huichukua hiyo amonia wakaigeuza kuwa nitrati, ambayo mmea huipenda. Haya si mambo ya kinadharia. Katika jimbo la South Dakota, Marekani, kulikuwa na mgodi wa dhahabu uitwao Homestake, ambao ulifungwa mwaka 2002. Maji yake machafu yalikuwa yakiingia katika kijito cha Whitewood, na samaki walikuwa wametoweka humo. Mwaka 1984 mgodi huo ulijenga mtambo wenye magurudumu makubwa yanayozunguka nusu ndani ya maji na nusu hewani. Juu ya magurudumu hayo wakaoteshwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas. Wakaila sianidi pamoja na ndugu yake thiosianati, na samaki wakarudi kijitoni. South Dakota ni nchi ya theluji nzito. Ikiwa bakteria waliweza kazi hiyo katika baridi ile, mwenye tangi la sianidi huko Migori hana udhuru wa hali ya hewa.

Ila atakuwa na mambo mengine ya kuhudumia. Mchanga wa machimbo si udongo. Hauna mboji, hauna nitrojeni ya kutosha, mara nyingi una asidi kwa sababu ya madini ya salfa yaliyomo, na mvua ikinyesha hushikamana hata hewa isipite. Bakteria hana makazi humo. Anahitaji kujengewa: samadi, mabaki ya mimea, chokaa ya kupunguza asidi, unyevu wa kiasi, na kupinduliwapinduliwa ili apumue. Mtu wa Homa Bay anaweza kusema, basi tutumie magugumaji yaliyoziba ghuba. Wazo si baya, mradi magugumaji hayo yapimwe kwanza, kwani mmea huo una tabia ya kunyonya madini mazito kutoka majini, nasi hatutaki kuirudisha sumu shambani kwa mlango wa nyuma.

Zebaki ni habari nyingine. Zebaki ni elementi. Haikutengenezwa kwa kitu kingine, hivyo haiwezi kuvunjwa ikawa kitu kingine. Unaweza kuiyeyusha, kuipaisha, kuifunga kwa salfa, kuihamisha kutoka lundo hili hadi lile. Itabaki zebaki hadi siku ya mwisho. Hapana shaka wapo bakteria wanaoistahimili. Wana kimeng'enya kinachoibadili zebaki iliyoyeyuka kuwa zebaki halisi, ile ya majimaji, ambayo hupaa ikawaacha salama. Tazama vizuri wanachofanya: wanaitoa nyumbani kwao na kuitupa kwa jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wajerumani walitumia ujanja huo kusafisha maji ya kiwanda cha kemikali, lakini walifanya hivyo ndani ya chombo kilichofungwa, wakaikusanya ile zebaki matone kwa matone. Juu ya lundo la wazi kule Osiri bakteria wa namna hiyo wangefanya kazi ileile ya jiko la makaa, polepole tu.

Na kuna la kuogofya zaidi. Wapo bakteria wengine, wakaao katika matope yasiyo na hewa, hasa wale wanaopumua kwa salfati, ambao huiunganisha zebaki na kaboni wakatengeneza methili-zebaki. Hiyo ndiyo sumu iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Huingia katika vijimea vya majini, vijimea vikaliwa na wadudu, wadudu na omena, omena na mbuta, na kila hatua kiasi chake huongezeka katika nyama. Mto Migori huungana na Kuja, ule ambao Wakisii huuita Gucha, nao Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria huko Nyatike, kupitia matope na mafunjo. Nani atakayesema kwamba matope hayo hayana hao waunganishaji? Kwa hiyo mtu anayeahidi kumwaga bakteria ili "wale zebaki" anatuahidi, bila kujua, jambo ambalo huenda likawa baya kuliko kukaa kimya.

Sumu zote mbili zikikutana mambo huchafuka zaidi. Sianidi ikimwagwa juu ya mchanga wenye zebaki, huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na iliyokuwa imetulia ikapata miguu ya kutembea na maji. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kutiwa sahihi na Kenya mwaka huohuo, ukaanza kutumika mwaka 2017, umetaja desturi hiyo kwa jina miongoni mwa zile za kukomeshwa: kutia sianidi katika mabaki yenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki kwanza. Mtu akitembea katika machimbo ya Migori hatahangaika sana kutafuta mfano. Tena kuna aseniki na risasi, zitokazo katika mawe yenyewe, ambazo J. S. Ogola na wenzake walizitaja pamoja na zebaki katika uchunguzi wao wa ukanda wa dhahabu wa Migori uliochapishwa mwaka 2002. Hizo nazo ni elementi. Hazina mlaji.

Kati ya sumu inayolika na isiyolika ipo ya tatu, inayolika kwa shida, nayo historia yake iko upande wa Homa Bay. Bonde la Lambwe, ambamo leo imo Mbuga ya Taifa ya Ruma yenye swala aina ya korongo, lilikuwa makao ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1960 vichaka vyake vilinyunyiziwa dieldrini, na mwaka 1981, baada ya malale kuzuka tena, ndege zilinyunyiza endosulfani. Siwalaumu waliofanya hivyo. Malale huua, na anayefiwa haulizi jina la dawa. Hata hivyo dieldrini ni kemikali iliyojaa klorini, ambayo bakteria wachache wanajua kuifungua, na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka katika orodha ya kwanza ya sumu zisizooza. Endosulfani iliongezwa mwaka 2011. Yafaa mwanafunzi ajue kwamba "kuoza" si neno la ndiyo au hapana. Kuna sumu inayooza kwa wiki, inayooza kwa miongo, na isiyooza kabisa.

Nawaomba walimu wa shule za wilaya zile za zamani za Nyanza Kusini wasiwachukue watoto kwenye machimbo kuchota mchanga. Darasa salama lipo karibu. Chukueni vipande vya kitambaa cha pamba, mvizike katika shamba la shule, katika udongo mkavu wa uwanja wa mpira, na katika udongo uliochanganywa na samadi. Baada ya wiki sita vifukueni. Penye bakteria na kuvu wengi mtakuta nyuzi chache tu. Penye wachache mtakuta kitambaa bado kinaweza kufutia ubao. Wanafunzi wakishaliona hilo, waulizeni ni kitambaa kipi kingebaki kizima katika lundo la Macalder, na kwa nini. Halafu waulizeni kuhusu kipande cha chuma. Atakayeuliza kama bakteria wanaweza kukila chuma amekwisha kufika penyewe.

Ziwa dogo la Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, linaweza kusaidia pia. Wazee husimulia kwamba lilikuwa kijiji kilichozama kwa kumnyima mwanamke mzee hifadhi usiku. Maji yake yana magadi mengi hivi kwamba samaki hawaishi humo, lakini yamejaa viumbe vidogo vya kijani ambavyo heroe huja kuvila. Viumbe hivyo havikuagizwa kutoka nchi yoyote, navyo vimezoea magadi kama wale wa Alaska walivyozoea barafu.

Kwa zebaki, basi, kazi yote iko kabla haijagusa udongo. Tathmini ya dunia ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba wachimbaji wadogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayoingia hewani kwa shughuli za binadamu, karibu asilimia 38. Chombo cha kupunguza hilo si cha ajabu: kijungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba lililopinda, linalopozwa kwa maji. Donge huwekwa ndani, moto chini, na mvuke wa zebaki ukipita bombani hupoa na kudondoka katika bakuli la maji, tayari kutumiwa tena. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza aliyewahi kukeneka maji katika maabara anakijua kinavyofanya kazi, na fundi yeyote wa jua kali Migori mjini anaweza kukichomelea. Kinachokikwamisha ni kwamba huchukua muda mrefu kuliko jiko la wazi, na dhahabu huweza kutoka humo ikiwa na rangi iliyofifia, ambayo mnunuzi huitumia kushusha bei. Mnunuzi huyo hupima donge kwa mizani yake mwenyewe, na mchimbaji, ambaye hajala tangu asubuhi, hukubali.